Simu ya inchi 6.7 na mkono mmoja: jibu kwa mfanyabiashara wa Mwaloni

"Nanunua dagaa na sato hapa soko la samaki la Mwaloni Kirumba, Mwanza, na kuwatumia wateja wangu wa mikoani. Nilichukua simu ya inchi 6.7 ili picha za mzigo zionekane vizuri. Shida ni kwamba mkono wa kushoto muda wote una ndoo, daftari au mtoto, kwa hiyo simu naitumia kwa mkono wa kulia peke yake, na mkono wangu ni mdogo. Kidole gumba hakifiki juu. Simu imeshaanguka mara mbili, na siku moja nusura iingie ziwani nikiwa kwenye kivuko cha Kamanga. Sasa na kifundo cha mkono kinauma upande wa kidole gumba, hasa jioni. Fundi mmoja kaniambia nipunguze ukubwa wa maandishi, mwingine kasema nipakue programu ya kitufe kinachoelea, na dada yangu anasema niiuze ninunue ndogo. Nishike lipi?"

Dada yangu, pole kwa mkono. Umeuliza mambo matatu: kidole hakifiki, simu inaponyoka, kifundo kinauma. Nitayagusa yote, lakini chanzo chake ni kimoja. Kidole gumba chako kimebebeshwa kazi mbili zisizopatana. Kinashika simu kwa kuibana dhidi ya vidole vingine, na hapo hapo ndicho kinachogusa kioo. Kila kinapotoka kwenda kwenye kona ya juu kushoto, ile nyama nene iliyo chini yake inaachia ukingo wa simu, na simu inabaki imelalia vidole vinne tu. Ndiyo maana huponyoka wakati unagusa juu, na si wakati unaandika. Ili isianguke, mwenyewe bila kujua unaitegemeza kwa kidole cha mwisho kwa chini, unapinda kifundo kuelekea upande wa kidole hicho, na unanyoosha kidole gumba mpaka mwisho wake. Mkao huo ndio unaovuta kano zinazopita ubavuni mwa kifundo, pale pale panapokuuma.

Kabla ya tiba, niondoe dhana moja. Watu husema simu za siku hizi zimekuwa pana mno. Inchi 6.7 hupimwa kona hadi kona. Simu nyingi za sasa zina kioo cha uwiano wa 20 kwa 9, na kwa uwiano huo kioo chako kina upana wa milimita 70 hivi na urefu wa milimita 155. Kioo cha zamani cha inchi 5.5 chenye uwiano wa 16 kwa 9 kilikuwa na upana wa milimita 68 na nusu na urefu wa milimita 122. Upana umeongezeka kwa zaidi kidogo ya milimita moja, urefu umeongezeka kwa sentimita tatu na zaidi. Umbo la nje halikubadilika sana: iPhone 6 Plus ya mwaka 2014, yenye kioo cha inchi 5.5, ilikuwa na urefu wa milimita 158 na upana wa milimita 78, maana juu na chini ilikuwa na ukingo mpana usio na kitu cha kugusa. Leo kioo kimepanda hadi kwenye ukingo huo, na waliotengeneza programu wameendelea kuweka vitufe huko huko juu. Tatizo lako ni urefu. Kwa hiyo tunafanya mambo mawili: tunaishusha sehemu ya juu ya kioo imfuate kidole gumba, na tunakipunguzia kidole gumba kazi ya kushika.

Nianze na kushika, kwa sababu hata uwe na mipangilio mizuri namna gani, simu ikitumbukia majini kati ya Kamanga na Mwanza hutaiona tena. Weka kamba ya mkononi. Ile inayofaa ina kipande bapa cha plastiki au kitambaa kigumu kinachokaa ndani ya kava, kati ya kava na mgongo wa simu, na kitundu chake kinachungulia kwenye tundu la chaji. Kamba inafungwa hapo. Hakikisha kava lako limefunika chini yote na limeacha tundu la chaji peke yake. Kava lililo wazi upande wote wa chini halishiki kipande hicho, siku ya kuvutwa kitachomoka. Kaza kamba ili simu ikiponyoka ining'inie karibu na kiganja. Kamba ndefu inaiacha simu ibembee na kugonga bomba la kivuko.

Kamba inazuia hasara, ila haimpumzishi kidole gumba. Cha kumpumzisha ni pete au kishikio cha kubandika mgongoni. Kidole cha kati kikipita kwenye pete, au kishikio kikikaa kati ya kidole cha shahada na cha kati, uzito wa simu unahamia kwenye vidole hivyo, na kidole gumba kinabaki na kazi ya kugusa tu. Mahali pa kubandika pana maana kubwa kuliko aina ya pete. Wengi huibandika katikati kabisa kwa sababu inapendeza. Kwa mkono mdogo, ishushe sentimita moja hadi mbili chini ya katikati. Ukiiweka juu zaidi, kidole gumba kitafika juu lakini kitashindwa kurudi kwenye kibodi bila kujikunja. Ukiishusha mno, simu itakuwa nzito kichwani na itapinduka kwenda nje. Kabla ya kubandua karatasi ya gundi, ishike pete kwa mkanda wa karatasi na utumie simu hivyo kwa nusu saa.

Gundi hushindwa kwa sababu mbili. Ya kwanza ni mafuta, na mikono inayoshika dagaa siku nzima ina mafuta ya kutosha. Futa mgongo wa kava kwa spiriti, acha ukauke, usiuguse tena kwa vidole. Bandika, kandamiza kwa nguvu kwa nusu dakika, kisha uiache usiku kucha bila kuivuta. Ya pili ni kava lenyewe: makava laini ya silikoni hayashiki gundi hata uyasafishe vipi. Tafuta kava gumu lenye mgongo tambarare usio na mikwaruzo wa kubandikia na pembeni penye mikwaruzo ya kushika. Pete ya chuma huzuia kuchaji bila waya, kama simu yako ina uwezo huo.

Sasa mipangilio. Simu za Android kuanzia toleo la 12, lililotoka mwaka 2021, zina hali ya kutumia kwa mkono mmoja iliyojengwa ndani yake, ingawa baadhi ya watengenezaji wa simu za bei nafuu wameiondoa. Fungua Mipangilio, ingia Mfumo, kisha Ishara. Samsung wameiweka kwenye vipengele vya ziada, na kwenye Redmi, Tecno na Infinix mahali pake hubadilika toleo kwa toleo. Njia ya haraka ni kuandika kwenye kisanduku cha kutafuta kilicho juu ya Mipangilio. Kama simu yako iko kwa Kiingereza, andika one-handed.

Ukishaiwasha, kuna namna mbili na hazifanani. Kwenye Android ya kawaida, unatelezesha kidole kwenda chini palepale ukingoni mwa chini ya kioo, na picha nzima inashuka nusu ili vitu vya juu vije katikati. iPhone wanayo pia: Mipangilio, Ufikivu (kwa Kiingereza Accessibility), Mguso, kisha kipengele cha kufikia juu kwa urahisi. Namna hii ni ya kugusa kitu kimoja cha juu na kuendelea. Sehemu ya chini inakuwa imezama nje ya kioo, kwa hiyo usijaribu kuandika ukiwa humo. Kwenye Samsung, picha yote inasinyaa na kukaa kona ya chini, unaweza kuivuta kona yake kuikuza au kuipunguza, na kuna mshale wa kuihamishia upande wa pili. Hiyo unaweza kuandikia na kufanyia muamala mzima. Hakuna inayoharibu kioo wala kula chaji. Ni picha tu inayochorwa mahali pengine.

Mara nyingi watu huiwasha, wakajaribu mara moja, ikakataa, wakaacha. Sababu ni mbili. Kwenye Android ya kawaida inahitaji simu iwe imewekwa usogezaji wa ishara, yaani kuiendesha kwa kutelezesha kidole badala ya vile vitufe vitatu vya chini. Na kidole lazima kianzie chini kabisa, karibu na kile kistari, kisha kishuke. Ukianzia juu zaidi, simu inaona unasogeza ukurasa. Kava lenye kuta ndefu hukinyima kidole nafasi hiyo. Ukiona inakataa, vua kava ujaribu tena.

Huo usogezaji wa ishara una faida nyingine ambayo kwako naiona kubwa kuliko zote. Kurudi nyuma hakuhitaji tena ule mshale wa kona ya juu kushoto, ambao ndio unaokuvuta mkono mara nyingi kwa siku. Unatelezesha kidole kutoka ukingo wa kulia kwenda ndani, pale pale kidole gumba kilipo. Ukiona kinarudi bila wewe kutaka unapopitia picha, rudi kwenye mipangilio hiyo hiyo upunguze wepesi wa ukingo wa kulia. Kama umezoea vitufe vitatu na hutaki kuviacha, angalia tu kwamba kitufe cha kurudi kiko upande wa kulia. Simu nyingi zinaruhusu kubadilisha mpangilio.

Kibodi nayo isogeze. Kwenye Gboard, kibodi ya Google, fungua mahali pa kuandikia, gusa alama ya menyu iliyo juu ya herufi kisha uchague mkono mmoja, kibodi itasogea kulia na kupungua upana. Kwenye iPhone, kandamiza alama ya dunia au ya sura ya kucheka, kisha chagua kibodi ya upande wa kulia. Kwa ujumbe mrefu, tumia kipaza sauti cha Gboard: Google waliongeza Kiswahili cha Tanzania kwenye uandishi wa sauti mwaka 2017, na kinaandika vizuri penye utulivu. Mwaloni asubuhi hakuna utulivu, hivyo bei na kilo zisome upya kabla ya kutuma. Ujumbe wa sauti wa WhatsApp wenyewe hauhitaji kukandamizwa muda wote. Bonyeza kipaza sauti, telezesha juu kwenye alama ya kufuli, achia, uendelee kuongea.

Kwenye skrini ya mwanzo, toa kila kitu kwenye safu za juu. Acha saa au picha huko, na programu unazotumia zipange safu tatu za chini, zile za muhimu zaidi zikiwa upande wa kulia lakini si kwenye kona yenyewe. Kona ya chini kulia inaonekana karibu, ila kidole gumba hulazimika kujikunja kuifikia, na kujikunja kwa kurudiarudia kunachosha kama kunyoosha. Wateja wakubwa wawekee njia ya mkato: kwenye Android, fungua mazungumzo ya mteja katika WhatsApp, gusa nukta tatu, kisha zaidi, kisha ongeza njia ya mkato. Ukiifanya mara moja umejiondolea safari nyingi za kwenda kwenye kitufe cha kutafuta. Na namba za huduma za pesa, kwa mfano *150*00# ya M-Pesa, zihifadhi kama majina kwenye orodha ya simu na uziweke kwenye vipendwa. Usihifadhi namba ya siri popote pamoja nazo. Kwa picha za mzigo, kwenye simu nyingi ukibonyeza kitufe cha kuwasha mara mbili kamera inafunguka, na kitufe cha sauti kinapiga picha.

Nije kwa mafundi wako. Aliyesema upunguze maandishi hakukusaidia. Maandishi yakipungua, vitu vingi zaidi vinaingia kwenye kioo, ila kitufe cha juu kinabaki juu, na sasa ni kidogo zaidi, hivyo unakikosa na kurudia. Acha maandishi makubwa kadiri macho yako yanavyopenda.

Ushauri wa programu ya kitufe kinachoelea una ukweli nusu. Kitufe hicho kinafaa, kwani kinakuletea sauti, kufunga simu, kupiga picha ya skrini na arifa mahali pa kidole. Lakini huhitaji kupakua chochote: Android ina Menyu ya Ufikivu, Samsung ina menyu yake ya msaidizi, iPhone ina kitufe chake cha msaada wa mguso, vyote chini ya Ufikivu. Programu ya kupakua kutoka kwa mtu usiyemjua itakuomba ruhusa ya ufikivu, na ruhusa hiyo inaiwezesha kusoma kilichoandikwa kwenye kioo na kubonyeza vitu kwa niaba yako. Kwenye simu inayopitisha pesa za mzigo, usiitoe. Kama umeshaipakua, nenda Mipangilio, Ufikivu, uizime hapo kwanza, ndipo uiondoe kwenye simu. Kisha badilisha namba ya siri ya huduma zako za pesa.

Kuna jambo hukuliuliza ila kwa kazi yako linahusika. Kioo cha simu kinatambua kidole kwa mabadiliko madogo ya umeme yanayoletwa na mwili wako. Maji yanapitisha umeme, na maji yenye chumvi au utelezi wa samaki zaidi. Tone likitulia kwenye kioo, simu huliona kama kidole cha pili, au hukipoteza kidole chako katikati ya mwendo. Watu hudhani kioo kimekufa, wakabonyeza kwa nguvu, na kubonyeza kwa nguvu kunachosha kano bila faida, kwa sababu kioo hakipimi nguvu. Weka kitambaa kikavu cha pamba kwenye mfuko wa aproni, futa kidole na kioo kwanza. Kama umebandika protekta nene na kioo kimekuwa kizito, Samsung na simu nyingine kadhaa zina kipengele cha kuongeza wepesi wa mguso ndani ya mipangilio ya skrini. Kiwashe ukiwa mkavu, ukizime ukiona kinaitikia matone. Na kwenye alama ya kidole, sajili kidole gumba cha kulia mara mbili, kwa pembe tofauti, pamoja na kidole cha shahada cha kushoto.

Sasa maumivu. Maelezo yako yanafanana na kuvimba kwa ala, yaani mifuko inayozifunika, za kano mbili zinazonyoosha na kutanua kidole gumba, tatizo linaloitwa kwa jina la daktari wa upasuaji wa Uswisi, Fritz de Quervain, aliyelieleza mwaka 1895. Hizo kano hupita ndani ya njia nyembamba ubavuni mwa kifundo. Zikisuguliwa kila siku, njia hubana na kila mwendo unauma. Simu peke yake huenda isitoshe kuleta hilo. Kubeba mtoto kwa kumshika makwapani huku vidole gumba vimetanuka, kunyanyua ndoo kwa mpini mwembamba, kupaa samaki kwa kisu, vyote vinavuta kano hizo hizo. Jaribio la nyumbani: kunja kidole gumba ndani ya ngumi, kisha taratibu pinda kifundo kuelekea kidole cha mwisho. Maumivu makali ubavuni mwa kifundo yanaelekeza huko, ingawa hayathibitishi. Usilirudie mara kwa mara.

Kwa wiki mbili hadi tatu mpe mkono nafasi. Mbebe mtoto kwa mkono mzima chini ya makalio yake, viganja vikitazama juu. Ukikaa, weka simu mezani na uandike kwa kidole cha shahada. Barafu iliyofungwa kwenye kitambaa kwa dakika kumi hadi kumi na tano jioni hutuliza. Mazoezi ya kuvuta kidole gumba kwa nguvu, yanayosambazwa sana kwenye video, usiyafanye wakati bado panauma. Unachokoza ala iliyovimba.

Ukiona haijapungua baada ya wiki hizo, au unaangusha vitu kwa sababu mkono hauna nguvu, nenda hospitali ukaonwe. Sekou Toure au Bugando wanaweza kukupima na kukuelekeza kwa wataalamu wa viungo. Kuna kifaa cha kufunga kifundo pamoja na kidole gumba ili vitulie, kuna sindano ya dawa ya kupunguza uvimbe, na kwa wachache sana upasuaji mdogo wa kuifungua njia ya kano. Ganzi kwenye kidole gumba, shahada na cha kati, hasa inayokuamsha usiku, ni tatizo jingine la mshipa wa fahamu, nalo lisikawie. Na kama ulichomwa na mwiba wa sato au sangara, kisha kidole au kifundo kikawa chekundu, cha moto, kimevimba, au una homa, usisubiri kesho. Huo unaweza kuwa uambukizo ndani ya ala ya kano, na unahitaji daktari siku hiyo hiyo.

Kuhusu kuuza simu: dada yako hajakosea, ila si hatua ya kwanza. Simu ndogo zenye nguvu zimekuwa chache. Apple waliachia iPhone 13 mini ya inchi 5.4 mwaka 2021 na hawakutoa mini nyingine baada yake, na kwa Android karibu simu zote za bei ya kati zimevuka inchi 6.5. Utakachopata cha chini ya inchi 6.2 ni simu ya bei ya juu, au iliyotumika ambayo betri yake imechoka. Simu za kukunjwa zinaingia mfukoni vizuri, lakini ukizifungua urefu ni ule ule. Kubadilisha na simu ya inchi 6.5 hakutakupa kitu, tofauti ni milimita chache tu.

Jaribu kamba, pete iliyoshuka chini, kurudi kwa ukingo wa kulia na hali ya mkono mmoja kwa mwezi mzima. Bado mkono ukikataa, nenda dukani na rula. Tafuta simu yenye upana wa nje usiozidi milimita 71 na uzito wa chini ya gramu 180 kabla ya kava. Ishike kwa mkono wa kulia peke yake, mkono wa kushoto ukiwa na mkoba wako wa kawaida. Bila kuisogeza kiganjani, gusa safu ya juu ya picha mara kumi mfululizo, kisha andika jina lako kamili. Ukijikuta umeitegemeza kwa kidole cha mwisho au umeisukuma juu, hata mara moja, irudishe kwa muuzaji ujaribu nyingine.